Somo: Mtu akifariki, laini, simu na akaunti zake tunazifanyaje?

Matanga yakiisha ndugu hugawana nguo za marehemu, na simu humwangukia kijana yeyote aliyeitupia jicho. Wiki inayofuata imeshafika kwa fundi, imefleshiwa, yaani imefutwa kila kitu, na imejaa picha za mwenyewe mpya. Somo hili linahusu siku chache kabla simu haijafika kwa fundi.

Miongozo mingi ya Wazungu huanza na Facebook. Mimi nitaanza na laini, kwa sababu huku kwetu namba ya simu ndiyo imeshika kila kitu. Pesa ziko humo, WhatsApp iko humo, benki hutuma ujumbe humo, na hata Gmail ikitaka kuhakikisha ni wewe hutuma tarakimu zake kwenye namba hiyohiyo.

Hatua ya 1: Simu ibaki kama ilivyo

Mkabidhini mtu mmoja ambaye pande zote za familia zinamwamini, na ndugu wengine wajue ni nani. Aiweke kwenye chaji. Kama inawaka, msiizime. Simu ikizimwa na kuwashwa upya, haikubali kidole wala sura mpaka iwekwe namba ya siri, na kama laini nayo ina PIN yake, mtaulizwa hiyo pia. Kubahatisha ni hatari: PIN ya laini ikikosewa mara tatu inataka PUK, yaani namba ya mtandao ya kufungulia laini, na PUK ikikosewa mara kumi kadi imekufa moja kwa moja.

Msiifleshi. Mazungumzo ya WhatsApp yanakaa ndani ya simu yenyewe, hayako kwenye kompyuta za kampuni yakiwasubiri. Kama marehemu hakuwasha nakala ya akiba ya Google au iCloud, simu hiyo ndiyo nakala pekee iliyopo duniani ya sauti alizowatumia watoto wake.

Na kuijua namba yake ya siri si ruhusa ya kuitumia. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wanayo yao ya 2018, na zote mbili zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa. Mjane akifungua picha za mumewe, sidhani kama kuna atakayemfuata. Shemeji akiingia kwenye programu ya benki, hiyo ni kesi.

Hatua ya 2: Msikimbilie kufunga laini, na msiiache ife

Wengi hukosea kwa upande mmoja au mwingine. Kuna wanaokwenda kuifunga siku ya tatu kwa hofu ya matapeli, halafu baadaye kila akaunti inataka tarakimu zinazotumwa kwenye namba ambayo haipo tena. Na kuna wanaoitia droo, inakaa miezi bila kutumika, mtandao unaifuta na namba inarudi sokoni. Atakayeinunua ataanza kupokea ujumbe wa benki wa marehemu wenu, na akisajili WhatsApp, sura ya mtu mgeni itajitokeza kwenye jina la baba.

Tanzania kuna jambo moja zaidi. Laini ikipotea, kuirudisha kunahitaji alama ya kidole ya mwenye namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) iliyosajili laini hiyo. Kidole hicho kimezikwa. Kwa hiyo ile kadi ndogo ichungeni kuliko simu yenyewe. Weka vocha kidogo ili isihesabiwe imeachwa, ipokee ujumbe tu, isitumike kupigia wala kukopea. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, yeye ndiye aende kwenye duka la mtandao na karatasi zake akaamue ifungwe lini. Mimi ningeifunga mwisho kabisa, mambo mengine yote yakishakamilika.

Hatua ya 3: Karatasi

Bila karatasi hakuna kampuni itakayowasikiliza, iwe ya hapa au ya Marekani. Tanzania Bara mnaanza na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kisha kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha mahakama. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo: Fomu namba 1 ya kuomba, na mkikubaliwa mnapewa Fomu namba 4, ambayo ndiyo uteuzi wa msimamizi. Zanzibar Waislamu huenda kwa kadhi. Kenya ni cheti cha kifo kisha barua ya usimamizi kutoka kortini, au Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu.

Mwambieni msimamizi aandike pesa za kwenye simu katika orodha ya mali. Watu huandika shamba, nyumba na ng'ombe, wakasahau M-Pesa yenye milioni mbili. Na kwa kuwa karatasi za Mahakama ya Mwanzo ni za Kiswahili, tafuteni mapema tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Google huidai.

Hatua ya 4: Pesa za kwenye simu

Najua jeneza na sanda havingoji hakimu. Hata hivyo, msitoe pesa kwa namba ya siri ya marehemu. Kila muamala una tarehe na saa, na cheti cha kifo kina tarehe. Ndugu mmoja akichomoa taarifa ya miamala mbele ya mahakama, aliyetoa atatakiwa kueleza marehemu alitoaje pesa kwa wakala wakati alikuwa mochwari. Mazishi yaendeshwe na michango.

Tukiwa kwenye michango: msiitangaze namba ya marehemu kuwa ya kupokelea rambirambi, hata kama kila mtu anayo. Kama alikuwa na deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa wa kuongezea salio lisipotosha, au Fuliza kwa ndugu wa Kenya, pesa ikiingia tu deni linajikata lenyewe. Mtachangiwa laki tano, mkute sehemu yake imelipa deni ambalo hata hamkulijua. Tumieni namba ya mtu aliye hai na mtangaze jina litakalotokea, maana matapeli nao husoma matangazo ya misiba.

Hatua ya 5: Google, Apple, Facebook na wenzao

Google ina fomu ya akaunti ya marehemu. Unaomba moja kati ya matatu: ifungwe, upewe pesa zilizomo, au upewe data. Nenosiri hawatoi kwa yeyote. Ombi la data hupimwa moja moja na linaweza kukataliwa. Msikae sana pia, kwani tangu Desemba 2023 Google ina utaratibu wa kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, picha zikiwemo.

WhatsApp haina mrithi. Akaunti isiyotumika siku 120 kwa kawaida hufutwa.

Facebook na Instagram hukupa njia mbili: akaunti ifutwe, au igeuzwe ya kumbukumbu, ambapo neno la kumkumbuka huwekwa kando ya jina lake. Hapa someni kwa makini. Ikishageuzwa ya kumbukumbu, hakuna anayeingia tena, hata mwenye nenosiri. Na yeyote aliye na uthibitisho wa kifo anaweza kutuma ombi hilo, siyo lazima awe mke wa marehemu. Kama marehemu alikuwa na ukurasa wa duka kwenye Facebook na yeye peke yake ndiye msimamizi wake, ukurasa huo huondolewa akaunti yake inapogeuzwa. Wateja wote wa vitenge, namba zao na oda zao vinakwenda. Kwa hiyo kabla mtu mwenye huruma hajakimbilia kuripoti kifo, ulizeni kwanza kama kulikuwa na biashara. Na ninyi mnaofanya biashara huko leo, ongezeni msimamizi wa pili jioni hii hii.

Kwako uliye hai

Hii ni kazi ya nusu saa. Kwenye Google, ingia mpangilio wa akaunti, sehemu ya data na faragha, utafute kidhibiti cha akaunti isiyotumika. Unachagua kimya cha miezi 3, 6, 12 au 18, unaweka watu wasiozidi 10 na kila mmoja unamchagulia aone nini: huyu picha, yule barua pepe. Muda ukikaribia Google hukutafuta kwanza, isije ikakuzika mzima. Kwenye Facebook unateua mtu wa kuiangalia akaunti: ataweza kuandika tangazo la juu, kubadili picha na kupokea maombi ya urafiki, ila meseji zako hatazisoma. Mwenye iPhone, tangu toleo la 15.2 la mwaka 2021, anaweza kuteua hadi watu watano. Kila mmoja hupewa ufunguo maalumu, na akiuwasilisha pamoja na cheti cha kifo anafunguliwa kwa miaka mitatu, kisha akaunti inafutwa. Manenosiri aliyoyahifadhi marehemu hayamo katika kifurushi hicho.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, ahsante kwa somo. Kaka yetu yuko mochwari na simu yake ni ya kidole. Kuna anayeshauri twende nayo tumwekee kidole ifunguke. Inawezekana?* (Mwanachama, Tanga)

Poleni sana kwa msiba. Uwezekano ni mdogo. Kama iliisha chaji ikazimika, haitakubali kidole kabisa mpaka namba ya siri. Kama ni iPhone, ikipita saa 48 haijafunguliwa nayo inadai namba ya siri. Vitambuzi vingi vya kidole pia vimetengenezwa kwa ngozi iliyo hai. Na hata kama ingewezekana, marehemu ana stara yake, na mnaosha mtu, hamfungui kufuli. Mwacheni kaka apumzike, mfuate karatasi.

*Mama alifariki mwezi uliopita. Watu wa mkopo wa mtandaoni wananipigia kila siku eti mimi ni mdhamini, wananitishia kumtangaza mama kwenye magrupu. Sikusaini popote.* (Mwanachama, Mwanza)

Pole dada. Kuwekwa jina lako kwenye orodha ya namba za simu hakukufanyi mdhamini. Deni halali la marehemu hudaiwa kwenye mirathi yake kupitia msimamizi, na hulipwa kutokana na mali yake, siyo mshahara wako. Waandikie mara moja: tarehe ya kifo, na kwamba mwenye dai alete vielelezo kwa msimamizi. Usitume hata elfu kumi ya kuwanyamazisha. Hifadhi picha za meseji zao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu zilizokuwa zikikopesha bila leseni, kwa hiyo angalia kama hao wamo. Wakimtangaza mama yako, nenda polisi na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa upande wako wewe, maana taarifa zako wewe uliye hai ndizo wanazozichezea.

*Mimi niko Hamburg. Mtoto wa jirani yetu, Mkenya, amefariki na wazazi wanataka kusoma meseji zake za mwisho. Facebook imegoma. Je, huku sheria inasemaje?* (Mwanachama, Ujerumani)

Huko mna bahati ambayo sisi hatuna. Tarehe 12 Julai 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kesi ya wazazi wa binti wa miaka 15 aliyefariki kwa kugongwa na treni Berlin mwaka 2012. Akaunti yake ilikuwa imegeuzwa ya kumbukumbu, na wao walitaka kujua kama alijiua. Mahakama ilisema akaunti hurithiwa kama zinavyorithiwa barua na shajara za karatasi. Jirani zenu waende kwa wakili wa mirathi wakiwa na uamuzi huo mkononi. Lakini wakae chini kwanza wakubaliane kama kweli wanataka kusoma kila kitu, kwa sababu humo zimo pia siri za marafiki wa mtoto.

*Shikamoo mwalimu. Dada yetu alikuwa na picha nyingi Instagram bila hijabu, na mama hana raha kila anapoambiwa zipo. Nenosiri hatuna. Tunazitoaje?* (Mwanachama, Mombasa)

Marahaba. Mpe pole mama. Ndugu wa karibu anaweza kuomba Instagram waiondoe akaunti nzima kwa kuonyesha cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu, kama cheti cha kuzaliwa. Hawatoi picha moja moja: ni yote au hakuna. Kwa hiyo kwanza muulizeni mama na watoto wa marehemu kama kuna picha wanazotaka zibaki, wazihifadhi kwenye simu zao, kisha ombi litumwe. Angalia asiwepo ndugu anayeomba ukurasa wa kumbukumbu wakati wewe unaomba ufutwe. Picha zilizo kwenye kurasa za marafiki zake hazitaondoka na akaunti yake. Hizo andikeni orodha, na mama mwenyewe au shangazi awapigie simu mmoja mmoja. Wakisikia sauti ya mama, wengi hufuta kabla simu haijakatwa.

*Nina miaka 71. Niandike manenosiri yangu kwenye wosia?* (Mwanachama, Moshi)

Shikamoo mzee wangu. Hapana. Wosia husomwa mbele ya watu na nakala hukaa mahakamani. Kwenye wosia andika tu nani ashike simu na laini, na bahasha iko wapi. Namba ya siri ya simu na nenosiri la barua pepe viweke ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mtu unayemwamini. PIN ya pesa usiiandike popote. Na ukibadilisha nenosiri, badilisha na bahasha.