Umefukuzwa studio ya gemu Arusha? Namna ya kufungua mgogoro CMA

Hesabu siku 30 kuanzia tarehe uliyoachishwa. Ndani ya siku hizo mgogoro wako uwe umefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, kama mshahara uliocheleweshwa, yana siku 60, na hapo ndipo wengi huchanganya. Ukichelewa utaomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F2 na kiapo, na sababu iwe nzito kweli.

Ushahidi ukusanye mapema, ukiwa bado kazini. Kazi zetu ziko Discord na Slack, programu za kuwasiliana kazini, na akaunti hufungwa kabla barua haijakufikia. Mimi niliondolewa kwenye vikundi vyote mchana, barua ikaja jioni. Piga picha za skrini: nani anakugawia kazi, saa unazotakiwa kuwa hewani, amri za kukesha wiki ya mwisho kabla gemu haijatoka, miamala ya benki au M-Pesa. Faili za gemu yenyewe usiziguse, ni mali yao.

Picha hizo zinajibu hoja watakayoanza nayo, kwamba wewe ni frilansa tu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuchukulia kuwa mwajiriwa, hadi wao wathibitishe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja: wanakuelekeza jinsi ya kufanya kazi, wanakupangia saa, wamekupa kompyuta, unategemea kipato chao, au umewafanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho. Mkataba kukuita "mtoa huduma" hakubadilishi hilo. Ila kama hujafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, kinga ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu.

Fomu ni CMA F1, na hulipii kuifungua. Kama ulifanyia kazi Arusha, fungua Arusha hata kama makao makuu ya studio yako Dar. Wa Moshi afungue Moshi. Jaza Sehemu B, ni ya walioachishwa. Taja yote mawili kama yapo: sababu haikuwa halali, na utaratibu haukufuatwa, kwa mfano hukuitwa kwenye kikao cha nidhamu au hukupewa saa 48 za kujiandaa. Kila dai liandike na kiasi chake, maana usichokiandika hapa ni vigumu kukidai mbele ya mwamuzi.

Nilipoumia ni kwenye kumkabidhi mwajiri nakala. CMA wanataka uthibitisho kwamba ameipata. Mapokezi walikataa kusaini, mlinzi akasema bosi amesafiri, na siku zinakwenda. Usibishane getini. Nenda posta, itume kwa rejista, risiti uiambatishe kwenye fomu.

Kama uliacha kazi mwenyewe kwa sababu ya kunyanyaswa kingono, bado unaweza kufungua. Mwajiri akifanya kazi isivumilike, sheria inahesabu kuwa amekuachisha. Onyesha tu ulilalamika wapi. Kesi iliyofunguliwa 2018 dhidi ya Riot Games, studio ya gemu huko California, Marekani, ilimalizwa 2021 kwa makubaliano ya dola milioni 100, na waliolalamika walikuwa wafanyakazi wanawake. Dada zangu, kuvumilia haya si ukomavu.

Usuluhishi, hatua ya kwanza ukishafungua, una siku 30 za kumalizika. Usikose tarehe hata moja, shauri linaweza kufutwa. Mkishindwana mnakwenda kwa mwamuzi, na hapo mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Unaweza kwenda na wakili, mtu wa chama cha wafanyakazi au mwakilishi wako. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ana wiki sita kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Wakikuita mmalizane kwa usuluhishi, kabla hujasaini hakikisha mmeandika pia likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi. Vyote ni haki yako kisheria, na studio nyingine itakiomba hicho cheti.