Fankisheni ikirusha erori, soma jina la hiyo erori kwanza

Chukua apu ya Android ya kuuza samaki uliyoiandika kwa Kotlin (lugha ya programu), mama ako Dunga pale Kisumu anaandika bei ya mbuta, anabonyeza tuma, apu inajifunga. Usianze kubahatisha. Fungua Logcat (dirisha la rekodi za apu) kwenye Android Studio, programu unayoandikia apu, yatatokea maandishi mekundu mengi sana lakini we tafuta mstari wa "Caused by", ndo umebeba jina la erori, zikiwa kadhaa chukua ya mwisho, alafu shuka hadi mstari wa kwanza wenye jina la faili yako mwenyewe, hapo ndo kuna namba ya mstari uliokwama.

Utapata mama aliandika "350/=" na wewe umeita toInt() ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikarusha NumberFormatException, yaani hayo maandishi si namba. Hii haihitaji hata try/catch (kujaribu kodi na kudaka erori ikirushwa), weka toIntOrNull(), ikileta null (yaani hakuna namba) mwambie "Andika bei kwa namba pekee" basi.

Shida ya Kotlin ni kwamba haikulazimishi kudaka kitu chochote, Java angalau kuna erori inakukazania udake, kwa hivyo soma maelezo ya kila fankisheni inayogusa faili ama netwaki ujue inaweza kurusha nini.

Sasa netwaki, hapa tafadhali kuwa makini ju ni pesa za watu. UnknownHostException inamaanisha simu imeshindwa kupata anwani ya seva, ombi halijafika, mwambie aangalie bando na ajaribu tena. SocketTimeoutException ni kitu tofauti kabisa! Inawezekana ombi lilifika, seva ikalifanyia kazi, jibu ndo likachelewa, na OkHttp (maktaba ya kutuma maombi kwa seva) usipoibadilisha inangoja sekunde 10 tu. Ukituma malipo upya hapo unaweza kumkata mteja pesa mara mbili. Kila malipo yape namba yake ya kipekee kabla hayajatumwa, ikichelewa uliza seva kama namba hiyo imelipwa, na kwa skrini andika "Tunahakikisha malipo yako", sio "Imefeli".

Hizo erori mbili za netwaki ni watoto wa IOException (erori pana ya kusoma na kutuma data), so zidake hizo kwanza, IOException ifuate chini, ukigeuza hazitafikiwa kamwe na Kotlin haitakuzuia. Ile catch (e: Exception) {} tupu ifute kabisa, inameza karibu kila kitu, hata CancellationException ya korutini (ishara kwamba kazi inayoendeshwa kando imekatizwa) ambayo inafaa uirushe tena.

Kujaribu, zima data na Wi-Fi ubonyeze tuma, alafu washa na ufanye seva yako ya majaribio ichelewe sekunde 15, uone kama ujumbe ni tofauti.