Insulini ya paka ikimwagika, usirudie sindano
Umemchoma paka insulini, ukigusa manyoya unakuta yamelowa na yananukia dawa. Imeingia au imemwagika? Usirudie, hata robo ya dozi. Subiri zamu inayofuata, ambayo kwa paka wengi ni baada ya saa 12. Sukari ikipanda kwa nusu siku si balaa kubwa; ikishuka mno inaweza kumuua. Akianza kuyumba, kutetemeka au kulegea, mpake asali kidogo kwenye ufizi na umkimbize kwa daktari wa mifugo. Halafu bomba la sindano lioane na chupa: insulini ya U-40 (yuniti 40 kwa kila mililita) haipimwi kwa bomba la U-100 (la insulini ya yuniti 100 kwa mililita), mistari yake ni tofauti kabisa. Na kama hajala, mpigie daktari kwanza kabla ya kumchoma.