Kuchimba kwa kijiko cha nyuma cha trekta bila kuivunja trekta

Mtaro wa bomba la maji kutoka barabarani hadi nyumbani, shimo la takataka, mfereji wa kutoa maji shambani, kung'oa mashina ya migomba iliyozeeka: kazi hizi hazihitaji kukodi ekskaveta. Trekta ya nguvu farasi 40 hadi 50, kama zile zinazolima Tororo na Busia nchini Uganda kila msimu, inazimaliza ikifungwa kijiko cha nyuma, yaani mkono wa kuchimba wenye ndoo unaofungwa nyuma ya trekta. Lakini kijiko hicho hicho huipasua trekta mgongo kikifungwa ovyo, kwa hiyo kazi inaanzia kwenye kufunga.

Usikubali mashine inayoning'inia kwenye pointi tatu peke yake, yaani mikono ya nyuma ya trekta inayobeba jembe. Mikono ile ya trekta nyingi ina nguvu ya kunyanyua tu, haina ya kukandamiza chini. Ndoo ikinasa mzizi, mashine nzima inaweza kupanda juu na kumbana dereva kwenye usukani. Hata isipopanda, mzigo wote unaishia kwenye kasha la ekseli ya nyuma, na chuma cha kumwaga kwenye kalibu hakipindi, kinapasuka. Kulitengeneza kasha hilo ni kuifungua trekta vipande viwili. Kijiko kinachofaa kina fremu yake inayopita chini ya tumbo la trekta na kufungwa kwa bolti upande wa mbele. Kaza bolti hizo tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, kwa maana rangi na kutu vilivyobanwa katikati husagika na bolti hulegea.

Vijiko vingi vina pampu yake inayochomekwa kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu ya injini, mizunguko 540 kwa dakika. Pampu hiyo ina mnyororo au fimbo ya kuizuia isizunguke. Ukisahau kuifunga, pampu nzima itazunguka na shafti na kung'oa mipira ya mafuta. Mbele ya trekta weka vyuma vya uzito.

Kabla ya kuchimba, uliza nini kiko chini. Ofisi ya NWSC, shirika la maji, ya eneo lako inajua mabomba yake yanakopita, na nyaya za umeme zilizofukiwa ulizia UEDCL, kampuni ya kusambaza umeme. Mahali unaposhuku, chimba kwanza kishimo cha majaribio kwa jembe na koleo. Kama ni ardhi oevu, usiguse bila kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira.

Sasa simamisha trekta. Gia huru, breki ya mkono, magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi. Shusha miguu miwili ya pembeni mpaka tairi za nyuma zibaki zinagusa ardhi bila kubeba uzito mwingi, na trekta iwe sawa kushoto na kulia. Ikiinama, mtaro nao utainama. Kwenye udongo laini lalisha chini ya kila mguu ubao mgumu wa unene wa sentimita 5. Leva hazifanani kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa hiyo jaribu kila moja hewani kwanza, polepole.

Kwa mtaro wa bomba, chukua ndoo ya upana wa sentimita 30 na vuta kamba kati ya pegi mbili. Anzia ncha ya mbali. Nyoosha mkono kama robo tatu ya urefu wake, shusha bumu, yaani boriti kubwa iliyo karibu na trekta, hadi meno yaguse ardhi, kisha vuta kwa mkono ule unaoshika ndoo. Nguvu ya kuchimba iko hapo. Bumu kazi yake ni kupima kina. Tako la ndoo liwe karibu sambamba na njia ya mkato, meno yakiwa yameinama kidogo tu, na kila safari ikwangue sentimita 8 hadi 10 kama unavyomenya muhogo.

Sikiliza injini na utazame trekta. Injini ikiguna na trekta ikiburutwa kuelekea mtaroni, umeng'ata kina kirefu mno: nyanyua bumu kidogo huku ukiendelea kuvuta. Ukiona mgongo wa ndoo unang'arisha udongo bila kuukata, ndoo imekunjwa kupita kiasi, ifungue kidogo. Meno yakisimama wima yatadona na kukwama. Ndoo ikijaa, ikunje, inua, zungusha, umwage angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, maana udongo uliorundikwa karibu hurudi mtaroni na ukuta wenyewe.

Kosa linalovunja pini nyingi kuliko yote ni kufagia udongo kwa ubavu wa ndoo. Pini na silinda za kuzungusha hazikuundwa kwa kazi hiyo. Udongo huo rudisha kwa koleo. Vilevile usijivute kwa ndoo huku miguu ikiwa chini, itapinda. Acha kuchimba kama nusu mita kabla ya kuifikia miguu, inua kila kitu, sogea mbele mita moja na kitu, anza upya.

Maramu, udongo mwekundu wa changarawe, iliyokauka mwezi wa Januari huyamaliza meno. Kama kazi inaweza kungoja, ifanye mvua za Machi zinapoanza. Kama haiwezi, kwaruza mistari kwa jino la pembeni, kisha ondoa vipande. Udongo wa mfinyanzi ukigandamana ndani ya ndoo, usiipige ndoo kwa kuifungua na kuifunga kwa nguvu. Zima injini uukwangue kwa mti.

Kwenye miteremko ya Kigezi au Bugisu, elekeza trekta juu au chini ya mlima, kamwe isikae kukingama, na mwaga udongo upande wa juu. Ndoo iliyojaa ikizungushwa upande wa chini huweza kuipindua trekta. Usikate sehemu ya chini ya mteremko mkali ulio juu ya nyumba.

Mtu asiingie kwenye mtaro unaozidi mita 1.2 kabla kuta hazijawekewa mbao au kukatwa zilale mshazari. Wakati ndoo inazunguka, pasiwe na mtu ndani ya duara lake.

Kila baada ya saa 8 za kazi tia grisi kwenye pini zote, ukianza na nguzo ya kuzungushia. Uvujaji wa mafuta tafuta kwa kipande cha katoni. Mafuta ya presha hupenya ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, na aliyepatwa aende hospitali saa ile ile hata kama haumwi. Ukimaliza, laza ndoo chini, zima injini, kisha sukuma kila leva mara mbili ili presha iishe. Kabla ya kusafiri zima PTO, kunja mkono, na chomeka pini za kufungia bumu na mzunguko.