Somo: Kuwasha vito vya saa ya zamani kwa leza ya kijani

Wadau habari zenu, lile somo la leza na mawe nililoahidi hili hapa, nimelirudia juzi usiku hapa Ujiji umeme ulipokatika, na giza lile ndo lililonoga.

Tafuta saa ya zamani ya kutia ufunguo, isiyotumia betri, mbovu tu inatosha, mafundi saa wanazo. Ukifungua mfuniko wa nyuma utaona vidoa vya rangi ya waridi, vidogo kama mbegu za mchicha, hizo ni rubi, yaani vito vyekundu, za kiwandani, vijiti vya magurudumu vinazungukia humo ili visilike upesi. Saa nyingi zinazo 17. Ongeza leza ya kijani isiyozidi miliwati 5 na nailoni nyekundu ya kufungia zawadi.

Kabla ya yote, macho. Chuma cha saa kinarudisha mwali kama kioo, na leza za bei chee lebo zake mara nyingi zinadanganya, kwa hiyo funga tishu mdomoni mwa leza ili mwanga utawanyike, na watoto wakae mbali. Hili nawaomba sana.

Kisha kunja nailoni mara mbili, mulika karatasi nyeupe uitazame kupitia nailoni, kama kijani bado unakiona kunja tena mpaka kipotee. Sasa mulika saa. Magurudumu, skrubu, vyote vinazama gizani, vinabaki vidoa vyekundu tu vinawaka kama makaa, mimi mara ya kwanza nilinyamaza kabisa.

Kwa nini? Rubi ni alumini na oksijeni, ila hapa na pale kromiamu, metali nyingine, imekaa kwenye nafasi ya alumini. Kromiamu inameza kijani cha nanomita 532 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo unaotofautisha rangi), sehemu ya nishati inaishia kwenye mtikisiko wa kristali, yaani joto, inayobaki inatoka kama mwanga mwekundu wa nanomita 694. Huo mwanga jiwe limeutengeneza lenyewe, halijakurudishia wa kwako, na mwanga huohuo ndo mwanafizikia Theodore Maiman alitengenezea leza ya kwanza duniani, Marekani, 1960.

Almasi nazo zina jambo kama hilo, atomu ya naitrojeni ikikaa jirani na tundu lisilo na kaboni, ukipiga kijani inatoa nyekundu kuanzia kama nanomita 637.

MASWALI

— Mwalimu, jiwe likiwaka ndo nijue ni rubi halisi?
Hapana ndugu yangu, usitoe hela kwa kipimo hiki peke yake. Ya kiwandani inawaka vizuri tu, spineli za Mahenge, vito vingine vinavyofanana na rubi, nazo zinawaka kwa sababu ya kromiamu hiyohiyo, halafu rubi ya asili yenye chuma kingi inafifia.

— Nina leza nyekundu, itafaa?
Haifai, nailoni itapitisha mwanga wake nao, hutajua upi wa leza upi wa jiwe. Ya zambarau, nanomita 405, inafaa, ila ina hatari zaidi kwa macho kwa sababu jicho linaiona hafifu kuliko nguvu yake.

— Ukizima leza jiwe linaendelea?
Linaendelea, ila milisekunde (sehemu ya elfu ya sekunde) 3 au 4 hivi, kwa macho huwezi kuona.