Jinsi ya kuitambua kokoto ya kwatsi

Rangi ndiyo huwapoteza wengi. Kwatsi ni madini ya silikoni na oksijeni tu, na ikiwa safi haina rangi. Weupe wa maziwa hutokana na vitone vidogo mno vya maji na gesi vilivyonaswa ndani. Wekundu na unjano huletwa na kutu ya chuma. Basi iache rangi kwanza.

1. Osha kokoto kwa brashi, kisha ikauke kabisa. Ikiwa imelowa, karibu jiwe lolote hung'aa.

2. Kwaruza kioo kilicholazwa mezani, si cha mkononi. Tumia ncha kali ya kokoto, maana upande wa mviringo huteleza tu. Ugumu wa kwatsi ni 7 katika kipimo cha Mohs (cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), wa kioo ni kama 5.5, kwa hiyo itakikwangua bila kutumia nguvu nyingi. Futa mstari kwa kidole chenye maji: ukitoka, ulikuwa unga wa jiwe. Ukijaribu kinyume chake kwa msumari ukaona mstari wa kijivu, huo ni chuma kilichobaki juu ya jiwe, si mkwaruzo.

3. Dondoshea siki, usubiri dakika moja. Marumaru na kalsaiti (madini ya chokaa) hutoa mapovu madogo. Kwatsi hubaki kimya.

4. Chunguza palipomeguka. Hapa ndipo penye jibu, kwa sababu feldispa nayo (madini mengine ya kawaida, ugumu 6) hukwaruza kioo na haijali siki. Geuza kokoto polepole chini ya taa. Feldispa humeta ghafla, uso mzima kwa pamoja, kisha huzima: hupasuka kwa nyuso bapa. Kwatsi imeshikana kwa nguvu pande zote, haina njia rahisi ya kupasukia, hivyo humeguka kwa mikunjo kama ndani ya ganda la kombe, yenye mng'ao wa mafuta. Iliyobingirishwa na mto mara nyingi ina alama za mwezi mwandamo, kama za ukucha. Ni makovu ya kugongana.

Ukiona chembe kama za sukari, hiyo ni kwatsaiti, mchanga ulioshikamana.

Kupima uzito hakusaidii sana: kwatsi ni gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, kalsaiti 2.71.

Kokoto isiyo na mmeguko wowote, ifunge kwa kitambaa kizito, vaa miwani ya kinga, uigonge mara moja kwa nyundo. Usiisage: vumbi la kwatsi (silika) huharibu mapafu.