Somo: Kuokoa picha na barua za Mwanza ya zamani

Wanachama, wengi mmeniomba somo hili baada ya msiba kuisha nyumbani kwenu na sanduku la bati la marehemu kufunguliwa. Nitaeleza ninavyofanya mwenyewe hapa Isamilo.

Hatua ya 1. Anza na wazee, skana baadaye. Karatasi inaweza kungoja mwaka mzima, lakini bibi wa miaka 86 hawezi kuahidi hivyo. Mpelekee picha mojamoja, washa kinasa sauti cha simu, kisha uliza: nani alipiga picha hii? Mlikuwa mnatoka wapi? Hili jengo la nyuma lilikuwa la nani? Ninayo picha ya wanaume wanne wamesimama mbele ya marobota ya pamba, wamependeza kweli. Aliyewajua alifariki wiki mbili kabla sijamuuliza. Inaniuma hadi leo.

Hatua ya 2. Nawa mikono, ikauke, shika picha pembeni. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Usifute kwa kitambaa kibichi: nilifanya hivyo zamani, uso wa shangazi ukabaki kwenye kitambaa.

Hatua ya 3. Tafuta mwaka. Hapa ndipo penye utamu, msiharakishe. Barua yenye muhuri wa posta ulioandikwa "Muansa" ni ya enzi za Wajerumani. Stempu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja zilianza 1935. Reli ilifika Mwanza 1928, basi picha ya treni stesheni haiwezi kutangulia hapo. Meli ya Victoria ilianza kazi ziwani 1961. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa 1971. Ukiona kilima cha Bugando bado kitupu, umeshika picha ya zamani zaidi. Na picha ya MV Bukoba ikiwa majini ni ya kabla ya Mei 21, 1996, siku meli hiyo ilipozama. Ukiikuta kwa jirani, uliza taratibu, huenda kuna mtu wake aliyekuwamo.

Hatua ya 4. Skani kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), na vile vipicha vya pasipoti 1200. Skani na mgongo pia, maana muhuri wa studio huwa huko. Huna skana? Tumia simu kivulini karibu na dirisha, bila flashi, picha ikiwa imelala bapa. Namba ya picha iandike nyuma, ukingoni, kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele.

Hatua ya 5. Hifadhi kwenye bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, kwa sababu ya mchwa na unyevu. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Picha ya harusi ya wazazi imegandana na kioo cha fremu. Niivute?

Marahaba mwanangu. Usiivute hata kidogo, rangi itabaki kwenye kioo. Iskani ikiwa na kioo chake, kisha iache hivyo hivyo.

Mwalimu, barua za babu ni za Kisukuma cha zamani, kizazi chetu tunababaisha tu. Nifanyeje?

Zinakili neno kwa neno, tahajia usiirekebishe hata ukiona kosa. Kisha mtafute mzee akusikilize ukisoma kwa sauti. Mengi yanaeleweka yakisikika. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, uliza pia. Nenda na nakala, barua zenyewe ziache nyumbani.

Kaka mkubwa anataka kuchoma barua za mama, anasema zina aibu za familia. Mimi ni mdogo, sina sauti.

Pole dada. Usibishane naye mbele za watu. Mwombe zifungwe kwenye bahasha, juu yake muandike mwaka wa kufunguliwa, labda 2050, na wote wawili mtie sahihi. Bahasha aitunze yeye. Familia mbili ninazozifahamu zilikubaliana hivyo, na barua zao zipo hadi leo.